Wewe Ulizaliwa Lini?

Jumapili iliyopita tulifanya kikao cha ukoo kuhusu kiwanja. Kiko kaskazini ya mji wetu wa Goma, kule Buhene, juu ya mawe yaliyoachwa na moto wa volkano ya Nyiragongo 2021, na bei yake ni ya kutupa. Baba yetu mkubwa anataka tuchange tukinunue kabla wengine hawajakiona. Hoja yake ni moja: mlima ukishapita pahali, haurudi. Binti wa kaka yangu, mwenye miaka 22, akanyanyua mkono kwa adabu zote. "Babu, hata 2002 moto ulishuka kwa upande huu huu wa kaskazini. Waliojenga baada ya hapo, wao si waliambiwa vilevile?"

Jibu alilopewa mnalijua. "Wewe ulizaliwa lini?" Kukawa kimya, kisha mmoja akapigilia msumari: penye wazee haliharibiki neno. Soda zikagawiwa, mchango ukapita.

Haliharibiki neno! Mimi nina miaka 55, kichwa kimeanza kuwa cheupe, pale parseli, uani tunakokaa, vijana wananiita mzee hata wanaponikopa. Basi naomba nionyeshwe. Hapa Goma yameharibika maneno mangapi, na waliokuwa wamekaa mezani walikuwa nani, watoto wa shule ya msingi? (Haya ya tangu Januari 2025 siyagusi. Nina watu wa kulisha.)

Ngoja niwaambie hekima yangu mimi ilivyopatikana.

Januari 1977 bibi yangu alikuwa shambani chini ya Nyiragongo. Ziwa la moto lililokuwa juu mle lilikauka kwa muda usiofika saa moja, likashuka kama maji. Bibi aliona moto ukimpita mbuzi mbio. Tangu siku hiyo alijua jambo moja: volkano ikitoka, kimbia, usiangalie nyuma. Ikafika Januari 17, 2002. Bibi alikuwa wa kwanza kutoka kwenye parseli, pekupeku, hata sufuria hakubeba. Tulimcheka! Maana safari hii moto uliingia mjini polepole, ukala maduka moja baada ya jingine mpaka ukafika ziwani, na mimi nilipata nafasi ya kutoa magodoro mawili, redio na mlango. Ndiyo, mlango, niliung'oa na bawaba zake nikavuka nao mpaka Gisenyi, kule Rwanda. Tukarudi baada ya siku chache tukikanyaga mawe yenye moto bado. Somo langu likawa: volkano ina heshima, inakupa muda.

Sasa mmeona. Watu wawili wa nyumba moja, mlima mmoja, masomo mawili yasiyosalimiana. Na kila mmoja aliapa kwamba ameona kwa macho yake.

Mei 22, 2021, Jumamosi jioni, mbingu ikawa nyekundu. Hakuna aliyekuwa ametuonya. Bibi alikuwa ameshalala udongoni, kwa hiyo mzee nikawa mimi. Nikasimama katikati ya parseli nikasema kwa sauti ya kuogopesha: "Kaeni. Mimi nilikuwepo 2002. Tuna muda." Binti wa jirani, mwanafunzi, akaja mbio: "Papa, twendeni, watu wote wako njiani!" Nikamuuliza, kwa maneno yale yale ya baba mkubwa, alizaliwa lini. Tukakaa. Nikaanza kufunga televisheni kwa blanketi.

Moto ukasimama wenyewe pembezoni mwa mji, karibu na uwanja wa ndege. Mimi sikuusimamisha. Ungeendelea kidogo tu, leo mngekuwa mnasoma mtu mwingine. Lakini asubuhi walinipa mikono: mzee alitutuliza, mzee ana busara. Na mimi, jamani, nilipokea! Nilitikisa kichwa taratibu kama mtu aliyejua tangu mwanzo. Siku tano baadaye, ardhi inatetemeka kila saa, serikali ikahamisha kartie (mitaa) 10 kati ya 18 za mji, nikawa natembea kwa miguu kuelekea Sake na binti yule yule mbele yangu, amembeba mjukuu wangu mgongoni. Hakuniambia neno. Afadhali angenitukana.

Tangu hapo nina daftari dogo. Nikisikia mdomo wangu unasema "mimi nakwambia", naandika nilichosema na tarehe. Mwisho wa mwaka nasoma. Siwashauri kulifanya kama mna presha.

Mtaniambia wazee wana yao. Haya, wanayo. Mazuku, kwa mfano. Kabla mtaalamu yeyote hajaja na mashine yake kupima hewa ile nzito inayojaa mabondeni, bibi alitukataza kukaa kwenye shimo alfajiri, hasa sisi wafupi. Alikuwa sawa kabisa. Lakini alijuaje? Hakujua kwa kuwa alikuwa na miaka mingi. Alijua kwa sababu mtu fulani, zamani, alimkuta mbuzi amekufa bila jeraha, akachuchumaa akatazama, kesho yake akarudi kutazama tena. Nina hakika alikuwa mtoto wa kuchunga. Mzee gani anaamka saa kumi na moja kufuata mbuzi?

Baada ya kikao nilimfuata yule binti wa kaka mpaka barabarani, akitafuta pikipiki ya kurudi kwao. Nikamwambia hoja yake ilikuwa nzuri, nikamuuliza hayo ya 2002 aliyasoma wapi. Alinitazama kwanza.

"Baba mdogo, mle ndani ulikuwa umekaa karibu nami."

"Ndiyo."

"Na daftari lako nililiona mfukoni."

"Ndiyo, mama."

"Sasa mbona unaniuliza huku nje?"

Pikipiki ikaja, akapanda. Mimi nilikuwa nimeshatoa dola zangu hamsini.