Riwaya za majoka si za watoto peke yao

Makala moja kuhusu vitabu vya sauti inasema riwaya ambazo mhusika mkuu ni joka zinafaa kusikilizwa na watoto tu. Hapana! Tafuteni Tooth and Claw ya Jo Walton (2003), iliyopata tuzo ya World Fantasy mwaka 2004. Joka mzee anafariki, na kwa mila yao jamaa hula maiti yake ili wakue na kupata nguvu. Mkwe anajitwalia sehemu kubwa ya maiti kuliko haki yake, na kesi inafika mahakamani. Sura za mwanzo msiongeze kasi ya sauti: mgao ule ukikupita, kesi yote haieleweki. Riwaya za mfululizo wa Wings of Fire ndizo za watoto, na ni nzuri mno, ila fuateni mpangilio, maana kila kitabu kinafuata joka mwingine: cha kwanza Clay, cha pili Tsunami.