Mkukurasai kwa Nguruwe

Kitabu changu cha methali nilikimaliza kwa miaka sita. Marejeleo yake yakataka kunimaliza mimi kwa wiki tatu.

Mhariri, binti mpole mwenye adabu zake, alinirudishia mswada na ujumbe mfupi: "Shikamoo Mwalimu. Kazi nzuri sana. Tunaomba tu marejeleo yafuate mtindo wa APA." Hiyo "tu" ndiyo iliyoniua. APA ni kanuni za Wamarekani za kupanga marejeleo, nazo humtanguliza mwandishi kwa jina lake la mwisho. Shaaban Robert, niliyezoea kumkuta kwenye S, akahamia kwenye R: Robert, S. Nilijiona kama ninamtolea mtu vyombo nje. Kisha siku nne nzima nikasaka miji ya uchapishaji ya vitabu ambavyo kurasa zao za mbele zililiwa na mchwa. Nilipoipata yote, mjukuu wangu akaniambia toleo la saba la APA, la 2019, limeshaondoa mji. Hautakiwi tena. Nikanywa maji, nikafuta.

Ikabaki "uk." Mhariri alitaka neno "ukurasa" liandikwe zima kwenye tanbihi zote, nazo zilikuwa 280 na ushei. Mimi nami sikuwa na msimamo: pengine niliweka nukta, pengine sikuweka. Mjukuu aliwahi kunionyesha ile amri ya kutafuta na kubadilisha, na mzee anayejua kitu kimoja cha kompyuta ni wa kuogopwa. Nikaandika: tafuta "uk", weka "ukurasa". Badilisha zote. Kompyuta ikatafakari kidogo, ikanijibu imebadilisha mahali 2,614.

Mwenye akili angejiuliza hapo. Mimi nikajisemea, kumbe nimetaja kurasa nyingi hivi! Nikahifadhi, nikatuma, nikaenda barazani kunywa kahawa na kuwasomesha wazee wenzangu habari za teknolojia.

Siku ya tatu simu ikalia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti yangu."

"Mwalimu, kuna hii methali: 'Mkukurasai kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.' Huu mkukurasai ni neno la lahaja ya Kimtang'ata?"

Sasa, mimi mtu wa Tanga, nimefundisha Kiswahili miaka 34, na sijawahi kukiri mbele ya kijana kwamba kuna neno silijui.

"Eeh," nikasema. "Neno la kale hilo. Wazee wa Tongoni walilitumia sana."

"Aa, sawa. Na 'Kukurasau mgeni hakosi kamba mguuni'?"

Kijasho kikaanza kunitoka. "Huyo... huyo ni jamii ya ndege."

"Nilidhani hivyo. Na hii, Mwalimu: 'Ukurasaweli ukurasaidhihiri uongo hujitenga'?"

Nikaufungua mswada mbio, simu nimeibana begani. Ukurasa wa kwanza tu, kwa herufi nene: Shukurasarani. Chini yake ninamshukurasauru mke wangu, kisha mjukurasauu wangu, kwa kunisaidia na kumbukurasaumbu. Nikaruka hadi mwisho, kwenye marejeleo. TUKI, wale wa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili waliotutungia Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981, wamekuwa TUKURASAI, kama kampuni ya Kijapani ya kuunda pikipiki. Hata neno "ukurasa", pale nilipokuwa nimeliandika zima tangu mwanzo kama alivyotaka binti wa watu, halikupona: ukurasaurasa.

"Mwalimu, bado upo?"

"Nipo, mwanangu."

Nyuma yake nikasikia watu wanakohoa kile kikohozi cha kuzuia kicheko, na mmoja kimemshinda.

"Basi hilo neno la kale naona tuliwekee tanbihi. Utanitajia mwandishi, mwaka, na ukurasaurasa?"