Farasi wa masetla: kikosi kilichokwisha kabla ya vita kwisha

Kila ifikapo Novemba, wapenzi wa historia ya Vita Kuu ya Kwanza huku kwetu hukumbushana habari za Tanga: manowari bandarini, nyuki waliowashambulia askari, na Waingereza kurudi melini kwa aibu. Ni kisa kitamu, siwalaumu. Ila wiki ileile, tarehe 3 Novemba 1914, Waingereza walipata kipigo kingine mlimani Longido, mwendo mfupi kutoka Namanga, na hicho hakitajwi sana. Miongoni mwa waliopanda mlima ule gizani walikuwamo wakulima wa kahawa, wawindaji wa tembo na vijana wa kikabaila kutoka Uingereza, wote wa kikosi kilichoitwa East African Mounted Rifles. Hawakuwa wanajeshi wa kazi. Walikuwa masetla wa Kizungu wa Kenya ya leo, waliojitolea wao wenyewe, wengi wakiwa wamepanda farasi wao wenyewe.

Kikosi hiki husimuliwa kwa mahaba. Ukisoma wanachoandika wajukuu wa masetla na mashabiki wa zama zile, utadhani ilikuwa pikiniki ya mabwana iliyoingiliwa na risasi kwa bahati mbaya. Mimi nakiona tofauti. Ushujaa wao siukatai. Ninachokataa ni kisa hiki kusimuliwa kana kwamba kilihusu farasi na ushujaa tu, wakati tangu mwanzo kilihusu pia nani ana haki ya kusema nchi hii ni yake.

Agosti 1914, vita vilipotangazwa, jeshi la King's African Rifles, lile la kikoloni la askari Waafrika chini ya maofisa Waingereza, lilikuwa na askari zaidi kidogo ya 2,300 kwa Afrika Mashariki na Nyasaland, na wengi wao walikuwa mbali kaskazini, upande wa Jubaland. Reli ya kutoka Mombasa ilipita karibu na mpaka wa Wajerumani, na hakukuwa na wa kuilinda. Tarehe 15 Agosti Wajerumani wakaichukua Taveta. Masetla hawakungoja kuitwa. Walimiminika Nairobi kwa farasi, kwa baghala, kwa gari moshi, kila mtu na bunduki yake ya kuwindia, na kambi ikapigwa kwenye uwanja wa mbio za farasi.

Wakajipanga kwa vikundi walivyovibatiza wenyewe. Kulikuwa na Bowker's Horse na Wessel's Scouts. Kulikuwa na Monica's Own, kilichopewa jina la binti wa Gavana Belfield. Waliotaka mikuki walitengenezewa ya mianzi, vichwa vya chuma vikafuliwa kwenye karakana ya reli. Mikuki ya mianzi, mwaka 1914, dhidi ya bunduki za rashasha! Wangekuwa vijana wa Kikuyu waliojitokeza na silaha za namna hiyo, magazeti ya Nairobi yangecheka mwezi mzima.

Makaburu nao walikuja, kutoka nyanda za Uasin Gishu ambako walihamia mwaka 1908. Miaka 12 tu ilikuwa imepita tangu Makaburu na Waingereza wamalize kuuana kule Afrika Kusini, na sasa wanapanda farasi pamoja. Wakati huohuo Makaburu wengine walikuwa wamelowea upande wa Wajerumani, kwenye mashamba ya kuzunguka Mlima Meru. Ukilijua hilo, maneno ya uzalendo wa damu na bendera yanapungua uzito.

Wanaokisifu kikosi hiki hupenda kusema kilikuwa cha kidemokrasia: mtu mwenye cheo cha ukoo alikuwa askari wa kawaida, na sajini wake alikuwa karani au muuza duka. Ni kweli, kati yao walikuwa sawasawa. Lakini hesabu watu wote waliokuwa kambini. Nyuma ya mpanda farasi alikuwapo mpishi, alikuwapo saisi wa kumlisha mnyama na kumsugua, na aliyezoea safari za uwindaji alikuwa na mbeba bunduki. Ule usawa uliishia pale farasi walipofungwa.

Desturi yenyewe haikuzaliwa Nairobi. Uingereza ilianza kuunda vikosi vya wapanda farasi wa muda, vilivyoitwa yeomanry, mwaka 1794, ikihofia uvamizi wa Wafaransa na, tuseme ukweli, ikihofia pia maskini wake yenyewe wasije wakaiga mapinduzi ya Paris. Polisi wa kutosha hawakuwapo. Mwenye shamba au mwenye duka alikuja na farasi, akapewa upanga na sare, akafanya mazoezi siku chache kwa mwaka, akarudi kwake. Mpangaji alipanda nyuma ya mwenye ardhi wake. Kwa kuwa farasi ni ghali kumnunua na ghali zaidi kumlisha, kikosi cha namna hii kilijichuja chenyewe. Hakikuhitaji sheria ya kuwazuia wasio na kitu.

Kilichotokea Manchester tarehe 16 Agosti 1819 kila anayetamani farasi wa kujitolea angepaswa kukijua. Watu wapatao 60,000 walikusanyika St Peter's Field kudai haki ya kupiga kura, wengi wao wafumaji na jamaa zao, wanawake na watoto wakiwamo. Mahakimu wakatuma Manchester and Salford Yeomanry wamkamate msemaji, Henry Hunt. Kikosi hicho kilikuwa cha wafanyabiashara, wenye viwanda na wenye vilabu vya pombe wa mji uleule. Farasi wakakwama katikati ya umati, wapandaji wakaingiwa na hofu, panga zikaanza kazi. Wakaja na askari farasi wa kawaida kuwaokoa. Walikufa watu wasiopungua 15, na majeruhi walikuwa mamia. Waliokatwa waliwatambua waliowakata: huyu ndiye muuza jibini, yule ndiye mwenye kiwanda. Kikosi kikavunjwa mwaka 1824, lakini ile desturi haikuvunjwa. Mwaka 1900 ilipelekwa Afrika Kusini kupigana na Makaburu, na kufikia 1914 ilikuwa imepanda hadi Nairobi.

Turudi mpakani. Mahali East African Mounted Rifles walipotumwa kulinda palikuwa nchi ya Wamaasai, na si kwa muda mrefu sana tangu Wamaasai wengine wasukumiwe huko. Mwaka 1904 walihamishwa kutoka Bonde la Ufa. Kati ya 1911 na 1913 wakahamishwa tena kutoka Laikipia kwenda kusini, na kesi waliyoifungua mahakamani kupinga jambo hilo wakaipoteza mwaka 1913. Mwaka mmoja baadaye, Lord Delamere, setla mwenye mashamba makubwa kuliko wote katika bonde hilohilo, yuko mpakani na wapelelezi wa Kimaasai akitafuta habari za Wajerumani. Alikuwa rafiki yao, husemwa hivyo, na alikijua Kimaasai. Sawa. Ila urafiki wa mtu aliyekaa kwenye malisho yako una masharti yake.

Septemba 1914 kikosi kilipata mapigano yake makali ya kwanza kwenye vilima vya Ingito. Kisha ikaja Longido. Mpango wa Waingereza ulikuwa kupiga Tanga kutoka baharini na kupiga Longido kutoka nchi kavu, ili Wajerumani wa Moshi na Kilimanjaro wabanwe pande mbili. Jenerali Stewart aliongoza askari wapatao 1,500, wengi wao Wahindi wa Punjab, pamoja na wapanda farasi wetu. Juu mlimani walikuwapo Wajerumani kiasi cha 80 na ushei na askari Waafrika kama 600, chini ya Meja Kraut.

Safari ya usiku ilikwenda vizuri. Asubuhi ukungu ukatanda, na vikundi vya washambuliaji vikapotezana kwenye makorongo. Yeyote aliyepita barabara ya Namanga kwenda Arusha ameuona mlima ule: mwamba juu, vichaka vya miiba chini, na nchi ya kuzunguka kavu kabisa. Farasi ana kazi gani pale? Wapandaji walishuka wakapigana kwa miguu kama watu wengine. Aliyeamua mambo alikuwa mnyama mwingine, baghala aliyebeba maji. Risasi zilipoanza kulia misafara ya maji ilivurugika, baghala wakatawanyika, na mchana ukapita huku watu wana kiu. Usiku ule jeshi zima likarudi Namanga. Wajerumani wenyewe wakauacha mlima wiki chache baadaye, Waingereza wakaukalia bila kuupigania.

Masetla kadhaa walikufa pale, watu waliofahamika na kila mtu Nairobi, na jamii ndogo namna ile ilitikisika. Nadhani hapo ndipo kikosi kilipoanza kuisha. Hakikuvunjwa kwa amri, kilichuruzika tu. Waliokijua Kiswahili na porini walichukuliwa kuwa maofisa wa King's African Rifles, ambayo kufikia mwisho wa vita ilikuwa na batalioni 22. Wengine waliugua malaria na kuhara damu. Wengine waliomba ruhusa wakarudi mashambani, maana kahawa haingoji vita viishe. Farasi walimalizwa na mbung'o na maradhi mengine. Mwaka 1916 Jenerali Smuts alikuja na wapanda farasi wengi kutoka Afrika Kusini, wakapenya ndani ya Tanganyika hadi Kondoa, na wanyama wao wakafa kwa maelfu njiani. Mtu yeyote wa Kondoa angeweza kuwaambia kabla hawajaanza. Kufikia 1917 East African Mounted Rifles ilikuwa jina tu.

Hili la kurudi shambani ndilo ninalolishikilia. Aliyejitolea alikuwa na mlango wa kutokea. Mpagazi hakuwa nao.

Kuanzia 1915 serikali ilikuwa na sheria ya kuwachukua Waafrika kwa nguvu wawe wapagazi, na mshahara ukateremshwa hadi rupia 5 kwa mwezi. Mwaka 1917 John Ainsworth, ofisa wa serikali ya kikoloni, alipewa kazi ya kukusanya watu, na katika miezi michache zaidi ya laki moja walichukuliwa. Walibeba mizigo kufuata jeshi hadi Rufiji na kupita, ambako farasi hawakuweza kufika. Waliuawa na njaa, kuhara na nimonia zaidi ya risasi. Vifo vilivyokubaliwa rasmi ni zaidi ya 40,000, na wanahistoria wengi wanaona idadi halisi ni kubwa zaidi ya hapo. Wamaasai, waliosifiwa kwa upelelezi wa hiari mwaka 1914, walipotakiwa kutoa vijana kwa lazima mwaka 1918 walikataa, na pale Ololulunga wakapigwa risasi na jeshi lilelile la mfalme waliyekuwa wakimsaidia.

Nairobi iliyaweka mambo haya mawili jirani bila kukusudia. Kambi ya Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi, imetuachia mtaa wa Kariokor, kama ilivyotuachia Kariakoo kule Dar es Salaam, na barabara inayopita pembeni ya Kariokor inaitwa Racecourse Road, kwa sababu ya ule uwanja wa mbio za farasi wa zamani. Matatu hupita hapo siku nzima.

Na malipo? Septemba 1915, masetla walikutana Theatre Royal, Nairobi, setla mwenzao Ewart Grogan akahutubia, wakadai Wazungu wote waandikishwe kwa lazima. Kwa sura ni kujitoa mhanga. Lakini kutokana na shinikizo hilo wakapata viti kwenye baraza la vita, na baraza hilo likawapa sauti katika mambo ya kazi na ardhi. Mwaka 1919 Wazungu wakapata haki ya kupiga kura. Mwaka huohuo ukaja mpango wa kuwagawia ardhi wanajeshi waliorudi vitani, na mashamba yakatolewa kwa bahati nasibu palepale Theatre Royal. Ardhi nyingine ilimegwa kutoka kwa Wanandi. Kusema kweli, wengi walioshinda walitoka Uingereza na hawakuwahi kupanda farasi na East African Mounted Rifles. Hoja yangu haiguswi na hilo. Kikosi cha 1914 ndicho kilichowapa masetla lile neno la kusema, kwamba nchi hii tumeipigania; na aliyeipigania kwa miguu, akiwa na bunduki ya King's African Rifles au debe la unga kichwani, hakuruhusiwa kuingiza mkono kwenye ile bahati nasibu. Yeye alipewa kipande, kile kitambulisho cha lazima cha kuvaa shingoni.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba East African Mounted Rifles ilikuwa kikosi kidogo, cha miezi michache, kisicho na uzito katika historia ya vita, nakubali upande wa vita tu. Upande wa siasa kilifanya kazi kubwa kuliko batalioni nyingi. Na wanaotaka wasimulizi wa leo wakitendee haki nawaunga mkono: watajeni waliokufa Longido, watajeni na walioswaga baghala wa maji, kisha mwulize mishahara ya wapagazi waliofia safarini ilikwenda wapi, kwa maana sehemu kubwa haikuwafikia jamaa zao, na serikali ya kikoloni ilijua.