Tusimulie pia Edinburgh

Ukiumia goti ukiwa kwenye kikundi cha jogingi hapa Dar es Salaam, haipiti wiki kabla hujakumbushwa habari za mzee John Stephen Akhwari. Sote tumekua nazo. Oktoba 20, 1968, jijini Mexico City, alianguka katikati ya marathoni ya Olimpiki, goti likateguka, bega likapiga lami. Akafungwa bandeji, akaendelea. Walianza 75, wakamaliza 57, na yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho, saa moja na zaidi baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, akajibu kwamba nchi yake haikumtuma kwenda kuanza mbio, ilimtuma kuzimaliza.

Namheshimu mzee yule kwa moyo wote. Ninachopinga ni sisi kuigeuza habari yake kuwa dawa ya goti. "Dada, kaza tu, Akhwari alimaliza goti likiwa limetoka." Nimeambiwa hivyo na watu wanaonipenda, na najua walitaka kunitia moyo. Lakini Akhwari alikuwa na fulana ya taifa kifuani na Olimpiki inayokuja mara moja kwa miaka minne. Mimi na wewe tuna mbio za hisani karibu kila wikiendi, na ukizikosa za Jumapili hii, za mwezi ujao zipo.

Kisha kuna kipande cha pili cha maisha yake ambacho karibu hakuna anayekisimulia. Julai 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, Akhwari huyo huyo alikimbia marathoni kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5, akashika nafasi ya tano. Mexico City alitumia saa 3 na dakika 25. Kati ya mbio hizo mbili kuna miezi 21. Kwa mtu mwenye goti bovu, Edinburgh ndiyo habari ya kushika, kwa sababu huko ndiko anakoonekana mkimbiaji aliyerudi.

Goti langu la kushoto liliumia nikikwepa bodaboda. Mguu ulitua kwenye ukingo wa lami uliomegeka, mwili ukageuka, goti likabaki. Kipimo cha MRI kilionyesha meniskasi imechanika. Ni vile vipande viwili vya gegedu vinavyokaa kati ya mfupa wa paja na wa muundi. Ukingo wao wa nje hupata damu, kwa hiyo mchaniko wa huko una nafasi nzuri ya kupona. Sehemu ya ndani haipati, na kupona kwake ni kwa shida. Wangu ulikuwa nje, sikupasuliwa.

Hapo ndipo nilipokutana na ushauri wa upande wa pili, wa nyumbani. Shangazi yangu alinishika goti akasema, "Mwanangu, mafuta yamekwisha humu. Achana na mambo ya kukimbia, utakuja kusagika magoti." Huyu naye nampenda, na naye simkubalii. Goti halina tangi la mafuta linaloisha kwa kutumika. Ute wa kwenye kiungo hutengenezwa na mwili wenyewe, na gegedu hupata chakula chake kwa kubanwa na kuachiwa, yaani kwa kutembea na kusogea. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2017 uliangalia kusagika kwa nyonga na magoti: kwa wanaokimbia kujifurahisha ilikuwa asilimia 3.5, kwa wasiokimbia asilimia 10.2, na kwa wakimbiaji wa mashindano asilimia 13.3. Takwimu hizo hazisemi kwamba kukimbia ni kinga ya kila mtu. Zinatosha, hata hivyo, kumwambia shangazi kwamba kukaa kwenye kochi hakulindi goti.

Kwa hiyo umesimama katikati, huku wanakuambia kaza, huku wanakuambia acha. Jibu la kweli ni paja, na watu wachache sana wanalizungumza.

Goti likijaa maji, hata kidogo tu, mfumo wa fahamu hupunguza kazi ya misuli ya mbele ya paja. Misuli hunywea upesi. Zungushia kamba ya kupimia kila paja, juu kidogo ya goti, baada ya wiki chache za kuchechemea, utaona tofauti kwa macho. Sasa maumivu yakiisha, mtu anadhani amepona, anavaa viatu, anaingia barabarani na paja lisiloweza kupokea uzito wake. Goti ndilo linalolipa.

Mtaalamu wa fiziotherapia aliyenisimamia hakunipa tarehe ya kurudi. Alinipa mambo ya kuweza kwanza: kuchuchumaa nusu kwa mguu mmoja bila goti kuangukia ndani, kushuka ngazi taratibu bila kushika ukuta, kuinua kisigino kwa mguu mmoja mara nyingi sawa na mguu mzima, kutembea kwa kasi nusu saa na kuamka kesho yake goti likiwa kimya. Kukunja goti mpaka mwisho, kama kwenye choo cha kuchuchumaa au kikao cha swala, aliniambia nisilazimishe mapema, kwa sababu hapo meniskasi hubanwa sana. Kwa muda nilisali kwenye kiti.

Ile asubuhi ya kesho yake ndiyo kipimo ninachokiamini kuliko saa ya mkononi. Kaa kitandani, nyoosha miguu, tazama pande mbili za pia ya goti. Goti zima lina vishimo vidogo pale. Kama cha mguu ulioumia kimefutika, kuna maji, na zoezi la jana lilizidi. Punguza. Na goti likikwama lisinyooke, au likilegea ghafla ukiwa unatembea, nenda hospitali.

Kukimbia kwenyewe kulirudi kwa dakika moja moja, katikati kutembea. Nilifupisha hatua na kuziharakisha. Kuongeza idadi ya hatua kwa dakika kwa asilimia 5 hadi 10 hupunguza mzigo wa goti, na haikugharimu hata shilingi. Wengi hukimbilia mchanga wa Coco Beach wakidhani ulaini ni usalama. Mchanga mkavu huzamisha mguu na kuupinda kila hatua. Subiri maji yapwe ukimbie kwenye mchanga mbichi uliokaza, uende na urudi, maana ufuko una mteremko na mguu mmoja hukaa chini. Miteremko mirefu niliiacha mwisho kabisa. Aliyewahi kushuka kutoka Mweka kwenye mbio za Kilimanjaro anajua magoti husema nini siku ile.

Hakuna anayekupigia makofi ukiinua kisigino sebuleni, ndiyo maana vikundi vyetu vina wajibu. Kila kikundi kina kiongozi wa wenye kasi. Wachache wana mtu wa kubaki na anayetembea, na mgeni aliyetoka kuumia akiachwa nyuma mara mbili, mara ya tatu ama atajilazimisha kuwafuata ama haji tena. Nimewaomba viongozi wetu wateue mtu wa kazi hiyo, na wamekubali. Kila Jumamosi tunaanzia Daraja la Tanzanite upande wa Aga Khan, robo saa kabla ya wenzetu, tunakimbia kidogo, tunatembea kidogo, mpaka ng'ambo ya pili. Mwenye goti linalouguzwa aje.