Presha: kupima tu hakutoshi

Nimesoma makala moja inayohimiza watu wapime presha (shinikizo la damu). Mwandishi wake amesema kweli kwamba tupime hata tukiwa wazima, ila amepita haraka pale penye tatizo lenyewe. Mtaani kwetu watu hawakatai kupima, wanaacha dawa. Jirani yangu mmoja, mama lishe, alikutwa na 170 kwa 100, akapewa vidonge. Kichwa kilipoacha kumuuma akasema "nimepona", vidonge vikabaki juu ya kabati. Hakuna aliyemweleza kwamba presha imeshuka kwa sababu ya hizo dawa, wala kwamba mtu anaweza kukaa na presha ya juu miaka bila kusikia chochote huku figo na moyo vikiumia.

Halafu namna ya kupima. Ukifika umetembea juani, ukafungwa kipimo papo hapo, kitasoma juu. Kaa kimya dakika 5, egemea kiti, mkono uweke mezani. Wahudumu wengine wamezidiwa na foleni, hawakwambii.

Chumvi nayo! Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko cha chai kisichojaa, ukihesabu na iliyomo kwenye mkate na viungo vya paketi. Sisi chipsi tunazimwagia kabla hata ya kuonja.

Na mtu mdomo ukimpinda ghafla, mkono ukaishiwa nguvu au maneno yakamkwama, hizo ni dalili za kiharusi, jamani, msianze kubishana nani kamrushia nini. Bajaji, bodaboda, chochote kilichopo, hospitali moja kwa moja.