Ziwa Lilipona, Nani Alilipa?

Mwaka 2017 serikali ya Uganda ilipeleka wanajeshi katika Ziwa Victoria kupambana na uvuvi haramu. Lengo lilikuwa jema bila ubishi: sangara walikuwa wamepungua mno, viwanda kadhaa vya kuchakata minofu vilikuwa vimefungwa, na mialoni, yaani kwenye vituo vya ufukweni vya kupokelea samaki, waliuzwa samaki wachanga wasiofikia inchi 20 zinazotakiwa. Kilichozua mgogoro ni njia iliyotumika. Mitumbwi isiyofikia futi 28, urefu wa chini ulioruhusiwa, ilichomwa moto pamoja na nyavu, na malalamiko ya wavuvi waliopigwa na kuumizwa yakafika hadi bungeni.

Wanaoitetea operesheni hiyo wana hoja nzito. Mtumbwi mdogo hauendi mbali. Huvua karibu na ufuko, penye matete, mahali samaki wanapozaliana na kukulia. Makokoro, nyavu za kukokotwa hadi ufukweni, nayo huzoa kila kitu, hata kile ambacho baada ya mwaka mmoja kingekuwa kitoweo cha familia nzima. Jeshi lilipoingia, sangara wakubwa walianza kuonekana tena na mauzo ya minofu nje ya nchi yakapanda. Anayeliacha ziwa life kwa kuogopa kumuudhi mvuvi wa leo anamdhulumu mvuvi wa kesho, na sisi tunaokula samaki mbali na mwalo hatuna haki ya kulisahau hilo.

Hata hivyo, hoja hiyo yote imesimama juu ya dai moja: kwamba hapakuwa na njia nyingine. Tangu miaka ya mwanzo ya 2000 mialo ilikuwa na kamati zake za usimamizi, zilizochaguliwa na wavuvi wenyewe. Ni kweli kwamba nyingi zilituhumiwa kupokea rushwa na kufumbia macho nyavu haramu. Lakini mwishoni mwa 2015, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu, shughuli zake zilisimamishwa badala ya kurekebishwa, na ziwa likabaki bila msimamizi wa kiraia. Aliyeiondoa njia ya kiraia kwa mkono wake hawezi kuja baadaye kusema kwamba ni nguvu tu iliyobaki.

Ziwa hili limewahi kuuona mtihani huu. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliua watu zaidi ya laki mbili katika Buganda na Busoga, na Gavana wa Kiingereza, Hesketh Bell, akaamuru wakazi wa ufukweni, na baadaye wa visiwa vya Ssese, wahamishwe mbali na mbung'o, inzi wanaoeneza ugonjwa huo. Watu walipoteza mashamba na makaburi ya wazee wao, lakini tiba ya kuaminika haikuwapo na vifo vilikuwa vikiendelea. Dai la ulazima hapo lina uzito, ingawa wahamishwaji hawakuulizwa. Miaka hiyohiyo, huko Ssese, daktari Mjerumani Robert Koch aliwadunga wagonjwa wa malale dawa ya atoksili yenye sumu ya aseniki, akaongeza dozi, na zaidi ya ishirini wakapofuka. Dozi kubwa haikuwaponya. Iliwaachia upofu tu. Kwa hiyo haitoshi kuuliza kama lengo lilikuwa jema. Ni lazima tuuulize ubaya wenyewe, sehemu kwa sehemu: ni upi ulioleta manufaa, na ni upi uliofanywa tu kwa sababu aliyeutenda alikuwa na uwezo?

Tukiuliza hivyo ziwani, naona kuzuia nyavu haramu kulisaidia samaki, na ningeiunga mkono hatua hiyo hata leo. Kumpiga mvuvi hakukuongeza sangara hata mmoja. Kuuchoma mtumbwi kuko katikati, na hapo ndipo pananisumbua zaidi, kwa sababu mtumbwi wa futi 28 unadai mbao nyingi zaidi, injini na mafuta ya kila siku, na mwenye mtumbwi wa futi 20 hana mtaji huo. Akichomewa, anabaki kuwa kibarua katika chombo cha mwingine, huku samaki waliorudi wakivuliwa na mwenye fedha. Aliyeumia si aliyenufaika, na lengo jema halilifuti deni hilo. Viwanda vilivyofufuka vinajulikana. Wenye mitumbwi iliyochomwa nao waorodheshwe mwalo kwa mwalo, wapewe mikopo ya vyombo halali, na askari wanaotuhumiwa kujeruhi wafikishwe katika mahakama za wazi ambako mvuvi anaweza kuingia na kusikiliza.