Si Mkono wa Mwisho Unaovunja Kioo

Jumapili iliyopita nilidaiwa kioo cha meza ambacho sikukivunja. Nilikuwa katika mgahawa mmoja wa hapa Kirumba, nikalitua sinia la ugali na sato, ukasikika mlio mmoja mkavu, na kioo kikawa vipande vitatu. "Kaka, aliyegusa mwisho ndiye mwenye deni," alisema mwenye mgahawa.

Ninakiri, kwa shingo upande, kwamba nililitua sinia kwa kishindo. Njaa haina adabu. Lakini ukingo wa kioo kile ulikuwa umemegeka, na kutoka hapo ulianza ufa wa urefu wa kidole, ukiwa umefunikwa kwa selotepu iliyokwisha kugeuka rangi. Selotepu haiungi kioo. Huziba macho ya wateja.

Mhandisi Mwingereza A. A. Griffith alilieleza jambo hili tangu 1921, tena kwa majaribio ya kioo. Mkazo hukusanyika kwenye ncha ya ufa, na kadiri ufa unavyorefuka ndivyo unavyohitaji mkazo mdogo zaidi ili uendelee, hata ufa uliorefuka mara nne huridhika na nusu ya mkazo wa awali. Ukivuka urefu fulani, nishati inayofunguka ndani ya kioo huizidi ile inayotumika kukipasua, na tangu hapo ufa hausubiri tena mkono wa mtu. Katika kioo cha kawaida hukimbia takribani mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wa sauti hewani. Meza ilikuwa imekwisha kupasuka kabla mlio wake haujanifikia masikioni.

Kitambaa chenye maji kinachopitishwa mezani kila asubuhi nacho kina kesi ya kujibu, kwa kuwa unyevu ukifika kwenye ncha ya ufa uliobanwa na mkazo, huusogeza polepole bila mtu kuuona.

Jumatatu nilikwenda kwa fundi wa vioo. Alichora mstari mwembamba kwa kikatio, akakilaza kioo ukingoni mwa benchi, akakibonyeza kidogo, kikakatika kwa kuufuata mstari ule. Nilimuuliza ni nani aliyekikata, mkono wake au mstari. Alicheka: "Mkono ungeweza wapi bila mstari, mjomba?"

Nikamlipa pia asage kingo zote ziwe laini, kazi ambayo mwenye mgahawa, nilipompigia simu, aliiita anasa.